Kaka mkuu anapanga mstari wa wanafunzi mia sita, ila kumuuliza rafiki yake swali moja hawezi. Tunakosea wapi?

#1 ticha_ilemela

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha sekondari ya kutwa hapa Ilemela, Mwanza, na ni mlezi wa viranja. Nina jambo linaninyima usingizi.

Kidato cha Nne walichangishana wenyewe hela ya mahafali, buku tano kila kichwa, watu 41. Jumla 205,000. Bahasha ilipofunguliwa zikakutwa 167,000. Darasa zima linajua bahasha ilikuwa inalala kwa nani, ni mweka hazina wao, na kaka mkuu ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Wiki ya pili hii hakuna aliyefungua mdomo. Wananisubiri mimi.

Mimi sitaki kuingia. Nikiingia, hela itarudi kwa fimbo na hakuna atakayekuwa amejifunza kitu. Kwa hiyo Jumatano niliwaita viranja wote kumi na wawili, nikawaambia tufanye igizo. Mmoja awe amepoteza hela ya kikundi, mwingine awe mwenyekiti, azungumze naye tuone. Kaka mkuu akajitolea. Akafunga kifungo cha juu cha shati, akaweka mikono nyuma, akazunguka meza mara moja bila kusema neno. Halafu akachukua rula yangu ya mbao na kumwambia mwenzake, "Piga magoti kwanza, maelezo baadaye."

Walicheka mpaka machozi. Mimi kicheko kilinikwama. Ile sauti ni ya mwalimu mwenzangu wa nidhamu, na ile mikono nyuma ni yangu.

Swali langu: mtoto anafundishwaje kumwambia mwenzake jambo zito bila kumpigisha magoti na bila kumkwepa? Nawasilisha.

#2 Sangara_Mkavu

Ngoja waje wataalamu. Ila kwa buku tano hiyo, soda ipo au ni pilau tupu?

#3 Mzee_wa_Mwaloni

Mleta mada, unatafuta mchawi wakati jibu unalo mkononi, hiyo rula. Sisi tulichapwa na kila mwalimu aliyepita koridoni, tena mwingine wala hatufundishi, na leo tunaendesha maboti, tuna wafanyakazi, tunasikilizwa. Uongozi ni kuogopwa kidogo. Pale mwaloni Kirumba, soko la samaki, ukimwuliza kijana kwa upole dagaa wa jana waliuzwa bei gani, anakupa bei ya mwezi uliopita.

#4 dada_wa_Igoma

#3 Mzee wangu shikamoo, lakini "kila mwalimu aliyepita koridoni" haiko kwenye sheria. Kanuni za mwaka 2002 zinasema mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Hicho kitabu nani amewahi kukiona?

Halafu hoja yako inajimaliza yenyewe. Kama umechapwa miaka yote hiyo na bado kijana wako anakudanganya bei ya dagaa, fimbo ilikufundisha nini kuhusu kuuliza?

#5 Mzee_wa_Mwaloni

Marahaba binti. Kitabu kipo, tuliandikiwa mgongoni.

#6 Nkoyi_wa_Magu

Mwangaluka wote.

Mnakimbilia fimbo, mimi naanzia nyuma zaidi. Huyo kaka mkuu alichaguliwa na nani? Shule nyingi naona wanafunzi wanapiga kura, kisha majina yanaingia ofisini, yanatoka mengine. Mtoto aliyepewa cheo na ofisi kwa wenzake ni mnoko tu. Akimkalisha rafiki yake na kuuliza habari za hela, rafiki anasikia ofisi inauliza. Hapo utamfundisha maneno matamu mpaka mwaka uishe, hayatafanya kazi.

Usukumani vijana walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale. Waliomweka ni vijana wenyewe, si mtemi. Yeye ndiye alikuwa anapanga watu wa kwenda kulima kwa fulani, na mvivu alikuwa anaitwa kwake. Babu yangu alikuwa anasema mvivu alikuwa anaomba bora aitwe na wazee, maana wazee unaweza kuwadanganya, wenzako uliolima nao jana wanajua jembe lako lilikuwa wapi.

#7 Sangara_Mkavu

Babu wa #6 angefaa kuwa mweka hazina.

#8 mstaafu_Nyegezi

Nimefundisha miaka thelathini na kitu, sasa nafuga kuku. Nkoyi ana hoja, na kuna watu waliwahi kuipima, ingawa si kwa Wasukuma. Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake wawili, Lippitt na White, walichukua wavulana wa miaka kumi hivi, wakawagawa kwenye vikundi vya kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Kikundi kimoja kiongozi aliamuru kila kitu. Kingine waliamua pamoja naye. Baadaye wakajaribu na kiongozi wa "fanyeni mtakavyo". Matokeo yalitoka mwaka 1939. Kwa mwenye amri kazi ilienda vizuri tu alipokuwepo. Alipotoka chumbani, ikasimama. Kwa wale wa kuamua pamoja, kiongozi alitoka na mikono ikaendelea.

Sasa ticha, fanya jaribio lako la bure. Siku mwalimu wa zamu akichelewa, kaa mbali uangalie mstarini kunatokea nini.

#9 dada_wa_Igoma

Mstarini kunatokea mpira wa soksi, mwalimu. Hilo halihitaji Marekani.

#10 mgeni_wa_Ukara

Mimi naomba kuuliza kitu kidogo kabla hatujafika kwa watemi na Wamarekani. Huyo mweka hazina nyumbani kwao wanafanya kazi gani?

Nauliza kwa sababu nimefundisha kisiwani miaka sita, na daftari langu la mahudhurio lilikuwa linafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa gizani, taa inawavuta. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, mitumbwi inakaa mchangani, watu wanashona nyavu. Siku za giza wavulana wanasinzia darasani kwa sababu usiku walikuwa ziwani, na wasichana wanachelewa kwa sababu alfajiri wanaanika. Siku za mbalamwezi darasa limejaa, macho makavu, ila nyumbani hakuna hata mia. Kalamu zinaazimwa. Mtoto anakuja na chumvi kwenye karatasi apakie kwenye muhogo wa jirani.

Kama hizo 38,000 zilipungua siku za mbalamwezi, mazungumzo ni tofauti kabisa na yale ya mwizi. Hata swali la kwanza linabadilika. "Hela iko wapi" linakuwa "nyumbani mnakula nini".

#11 Mzee_wa_Mwaloni

#10 umesema kweli ya ziwani, hapo nakuvulia kofia. Lakini mbalamwezi haiibi. Tumekua na njaa wengi, bahasha ya watu hatukugusa.

#12 mgeni_wa_Ukara

Sijasema haikuibwa mzee. Nimesema uliza ukiwa unajua mwezi uko wapi.

#13 Bi_Mshenga

Habari zenu. Naona kila mtu anachukulia kwamba lazima hao watoto wawili wakae uso kwa uso, macho kwa macho, wamwagane. Nani aliwaambia hivyo ndivyo mambo mazito yanavyosemwa?

Kwetu jambo zito lina njia yake. Ukitaka kuoa humwendei baba mkwe, unatuma mshenga. Binti akikosea, anaambiwa na bibi au shangazi. Mama yake hakai kumwambia. Msibani mtani anaweza kusema mbele ya jeneza kwamba marehemu alikuwa na madeni, watu wakacheka, na wanaotakiwa kulipa wakasikia. Mdogo kumtazama mkubwa machoni wakati wa kusemeshwa ni utovu wa adabu, sasa mnataka wajifunze kutazamana ndiyo wawe viongozi?

Kaka mkuu si mwoga. Anamsubiri mtu wa tatu, na hamjampa. Mpeni mtu anayeheshimiwa na wote wawili, hata kama ni mpishi wa shule.

#14 Kivuko_Kamanga

Bi Mshenga nakuheshimu, ila huyo mtu wa tatu ndiye anayetumaliza. Kazini kwangu (sitaji) bosi hajawahi kuniambia kosa langu hata siku moja. Anamwambia mlinzi. Mlinzi anamwambia dada wa chai. Dada wa chai ananiambia huku anacheka. Hadi linanifikia, kosa la kuchelewa dakika kumi limekuwa nimeacha kazi.

Mimi nilihudhuria semina moja, tukafundishwa njia ya kuzungumza ya mwanasaikolojia Mmarekani, Marshall Rosenberg, hatua nne. Unasema ulichoona bila kuhukumu, unasema unavyojisikia, unasema unahitaji nini, halafu unaomba kitu kinachotekelezeka. Mfano: "Bahasha ilikuwa na 205,000, leo ina 167,000. Nina wasiwasi, kwa sababu darasa limetuamini sisi wawili. Naomba tukae leo saa kumi tuhesabu pamoja." Hakuna neno mwizi hapo. Inafundishika ndani ya kipindi kimoja.

#15 Nkoyi_wa_Magu

Hatua ya kwanza naielewa. Ya pili sasa, mwambie mvulana wa Kisukuma wa miaka kumi na saba aseme mbele ya mwenzake "najisikia wasiwasi". Atasema "najisikia njaa" na mazungumzo yataishia kantini.

#16 Kivuko_Kamanga

Hahaha. Basi aanze na njaa, si ni hisia pia?

#17 mama_Neema_Buhongwa

Uzi huu umenirudisha mbali sana. Huwa nasoma tu, leo ngoja niandike.

Nilikuwa bweni, Kidato cha Pili, mwaka MV Bukoba ilipozama, 1997. Shangazi aliyenilea alikuwa ndani. Shule nzima ilijua tangu mchana, redio ilikuwa inaongea, mimi nilikuwa zamu ya kuosha masufuria sijui kitu. Walimu walinipita. Mmoja aliniona akageuza njia. Matroni alinipa mkate mzima, siku ya kawaida tunapewa nusu, na hakusema kwa nini.

Jioni dada mkuu akanifuata bwenini. Alikuja na ndoo ndogo ya maji na kanga. Hakusimama mlangoni kama kawaida yake ya kukagua vitanda. Alikaa chini sakafuni, mimi nipo kitandani, akawa chini yangu. Akasema, "Meli imezama asubuhi. Shangazi yako alikuwemo. Hawajampata." Sentensi tatu. Hakusema "jikaze", hakusema "kazi ya Mungu". Nikapiga kelele, akakaa. Nikanyamaza, akakaa. Akaninawisha uso. Alilala sakafuni pale mpaka kengele ya alfajiri, na asubuhi akaenda kupanga mstari kama siku zote.

Alikuwa na miaka kumi na tisa labda. Sijui nani alimfundisha. Kwa hiyo nikisikia watu wanasema watoto hawawezi mazungumzo magumu, nabaki nashangaa. Mimi niliona waliokimbia ni wakubwa.

#18 mstaafu_Nyegezi

Pole sana mama Neema. Nisahihishe kwa heshima tu, isije ikakaririwa: ilikuwa Jumanne tarehe 21 Mei 1996. Nilikuwa naingia kipindi cha kwanza habari zilipofika.

#19 mama_Neema_Buhongwa

Asante mwalimu, ni 1996. Mwaka uliofuata ndio tulimaliza arobaini yake, maana tulisubiri sana mwili. Huwa nachanganya.

#20 dada_wa_Igoma

Nimesoma #17 mara mbili. Pole dada.

Naomba nirudi kwa ticha na kitu ambacho hakuna aliyekigusa. Igizo lenu mlifanya kwa lugha gani? Nauliza kwa sababu mwanangu yuko shule ambayo ukiongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni, na unakaa nacho mpaka umnase mwenzako umkabidhi. Fikiria hapo. Mtoto anatakiwa aombe radhi, aeleze njaa ya nyumbani, amtetee rafiki, kwa lugha anayoitumia kuandikia majibu ya bailojia tu. Anachoweza kusema kwa Kiingereza ni "Kneel down", kwa sababu ndicho anachokisikia kila siku. Na kile kibao kinamfundisha kwamba kumaliza tatizo lako ni kumbambika mwenzio.

#21 ticha_ilemela

Wakuu nimerudi, samahani kwa ukimya, nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

#20 umenipata pabaya. Nilianza igizo kwa Kiingereza kwa sababu mkuu wa shule alikuwa anapita dirishani. Tukahamia Kiswahili baada ya dakika tano.

#6 ni kweli, kura zilipigwa, huyu alikuwa wa pili. Wa kwanza ofisi ilisema ana mdomo. Sasa nafikiria, mwenye mdomo si ndiye tuliyemhitaji?

#10 nimekwenda kuangalia. Nyumbani kwao ni upande wa mwaloni, mama anaanika dagaa, baba hayupo. Bahasha ilihesabiwa mara ya mwisho ikiwa kamili siku chache kabla ya mbalamwezi. Sijui inathibitisha nini. Siku hizo hizo dukani jirani na shule walileta viatu vipya vya mpira, na kijana ana viatu vipya vya mpira.

#22 Mzee_wa_Mwaloni

Eheeee! Mwezi na viatu!

#23 mgeni_wa_Ukara

Viatu vya mpira vya dukani haviwi 38,000, mzee. Na kununua kiatu siyo ushahidi, labda vya zamani viliisha soli.

#24 Mtumishi_Mwadilifu

Tatizo la nchi hii ni kwamba hatufundishi watoto kuachia madaraka. Mwalimu Nyerere aliacha uwaziri mkuu 1961 akaenda kujenga chama, na 1985 akang'atuka urais. Kaka mkuu naye ajiuzulu kwanza, ndiyo aweze kumkabili rafiki yake akiwa hana cheo.

#25 mstaafu_Nyegezi

Januari 1962, siyo 1961. Uhuru ulikuwa Desemba 1961, akakaa wiki chache tu, akamwachia Kawawa. Na hilo neno kung'atuka lilitoka kwao, Kizanaki, huko Mara, mashariki mwa ziwa letu hili, kabla ya yeye halikuwa midomoni mwa watu.

Ila wazo lako la kuvua cheo kwanza si baya. Nilikuwa na mwanafunzi kiongozi, kabla ya kumsema mtu alikuwa anavua beji anaiweka mfukoni. Wenzake walikuwa wakiona beji imeingia mfukoni wanajua leo kuna neno. Ikawa inaogopwa kuliko fimbo, sijui kama ni mafanikio.

#26 Bi_Mshenga

Mwenzangu mstaafu, beji mfukoni ni kanga ya mama Neema na ile sakafu. Amejishusha kwanza.

#27 Kivuko_Kamanga

Au ni ujanja tu. Bosi wangu naye huwa anavua miwani.

#28 Sangara_Mkavu

Wakati mnasubiri majibu, Pamba leo vipi? Nimezimiwa umeme.

#29 Nkoyi_wa_Magu

Kuna jukwaa la michezo mkuu. (Sare. Usiniulize zaidi.)

#30 ticha_ilemela

Mrejesho mfupi. Jana nilifanya vitu viwili. Nilimwomba mpishi wetu, Bi Mshenga utafurahi, mama mmoja anayewapakulia ugali tangu Kidato cha Kwanza na anajua nani huwa anaomba ukoko. Nikamwambia, wape hao wawili chumba cha stoo, watu wasipite. Cha pili, nilimwambia kaka mkuu maneno machache tu: usianze na jina la mtu, anza na bahasha.

Walikaa karibu saa nzima. Walitoka mmoja macho mekundu, na siye niliyemtegemea, alikuwa kaka mkuu. Leo asubuhi bahasha ina 179,000. Hakuna aliyeniambia 12,000 imetoka wapi wala 26,000 itarudi lini. Darasa wamekubaliana kitu wenyewe, na wamekubaliana pia "mwalimu asijue".

#31 Mzee_wa_Mwaloni

Yaani hujui aliyechukua, hujui alichukua kwa nini, na hela haijatimia. Na unaita mrejesho.

#32 mgeni_wa_Ukara

Mimi naona ni mengi sana hayo kwa saa moja ndani ya stoo.

#33 dada_wa_Igoma

Kaka mkuu alilia kwa nini? Isije ikawa yeye ndiye mwenye viatu.

#34 ticha_ilemela

Mwenye viatu ni mweka hazina, nilisema. Ila kaka mkuu ndiye aliyekuwa na simu, na bahasha ilihesabiwa kwa mwanga wa simu yake. Sijui. Nimesikia tu mtu anasema, "Ungeniambia mimi kwanza," kama mara tatu hivi, sikutambua ni sauti ya nani kwa sababu ya masufuria.

#35 Nkoyi_wa_Magu

Ngoja kwanza. Si walisema mwalimu asijue? Na stoo si watu wasipite? Hayo ya "ungeniambia mimi kwanza" wewe umeyasikiaje?

#36 ticha_ilemela

Nilikuwa jikoni. Nilienda kuomba chumvi.

#37 Nkoyi_wa_Magu

Mnoko.